Kozi ya jioni ya maandalizi ya uongozaji wa ndege mjini Lubumbashi: tathmini ya mwanafunzi aliyeimaliza

Kozi ninayoitathmini hapa hutolewa nyakati za jioni katika nyumba ya ghorofa moja iliyopo katika komini ya Kampemba, mjini Lubumbashi, na inawalenga vijana waliomaliza sekondari au chuo kikuu ambao wanataka kuingia katika mitihani ya kuchagua waongoza ndege. Kozi hii haihusiani na Régie des Voies Aériennes, yaani RVA, inayosimamia viwanja vya ndege na uongozaji wa ndege nchini, wala haitoi leseni yoyote. Leseni hutolewa na Autorité de l'Aviation Civile baada ya mafunzo rasmi. Wenye kozi waliyasema hayo yote jioni ya kwanza, mbele ya wazazi waliokuwa wamewasindikiza watoto wao, na ninawasifu kwa hilo, kwa sababu kijana anayetafuta kazi hapa mjini ni rahisi kuahidiwa nafasi na mtu asiye na nafasi hata moja ya kugawa.

Niseme mapema ninavyoiona. Mafunzo ya kusikiliza na ya kupanga ndege mezani ni bora sana, na peke yake yanastahili ada inayotozwa. Chumba cha kompyuta kina kasoro ambazo zinamwumiza mwanafunzi bila yeye kujua. Kiingereza kimepewa saa chache mno, na kwa vijana wa Lubumbashi hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote.

Wengi waliojiandikisha pamoja nami walikuja wakidhani kwamba watafundishwa majina ya ndege, historia ya usafiri wa anga na sehemu za injini. Mitihani ya kuchagua waongoza ndege haiulizi hayo kwa kiasi kikubwa. Mtihani wa FEAST, ambao shirika la EUROCONTROL liliuandaa kwa ajili ya nchi za Ulaya, hupima kwanza uwezo wa akili pamoja na Kiingereza, kisha humweka mtahiniwa mbele ya kazi zinazobadilika kadiri dakika zinavyokwenda. Marekani nao wana mtihani wao wa kompyuta wenye sehemu za kumbukumbu, hesabu za kichwani na kuzuia vitu vinavyotembea visigongane. Nchi zinatofautiana katika namna ya kupima, lakini kinachotafutwa kinafanana: mtu anayeweza kushika mambo kadhaa kwa wakati mmoja, akaona mapema mahali ambapo mawili kati yake yatakutana, akaamua, na asiyumbe anapoongezewa jambo jipya. Uwezo huo haukaririki. Kwa hiyo swali la kuiuliza kozi yoyote ya maandalizi ni moja tu: je, inajenga tabia gani ndani ya mwanafunzi?

Mwalimu mkuu wa kozi hii ni mzee mstaafu aliyefanya kazi katika mnara wa kuongozea ndege kwa miaka mingi, na wote tulimwita Papa Mwalimu. Somo lake la kwanza halikuwa na kitabu. Alituketisha, akatuwekea vipokea sauti masikioni, akachezesha rekodi ya sauti mbili zinazosema kwa wakati mmoja, kila sikio na sauti yake, na kila mmoja wetu akapewa jina la wito la ndege ambalo alipaswa kulingojea. Alichagua majina kwa makusudi. Ndege zilizosajiliwa Kongo huanza na 9Q, na za jirani zetu wa Zambia huanza na 9J, na katika anga la kusini mwa Katanga zote mbili husikika kila siku. Mtu anayesikia tarakimu ya kwanza akafikiri amekwisha kuelewa, huinua mkono kwa ndege isiyo yake. Mama anayeuza mboga katika soko la komini ya Kenya, hapa mjini, huisikia sauti ya mwanawe katikati ya kelele zote za wanunuzi, na sikio la namna hiyo ndilo ambalo Papa Mwalimu alitaka tulijenge, isipokuwa kwamba sisi tulipaswa kulibadilisha kila baada ya dakika chache, kwa maana ndege unayoingojea sasa si ile uliyoingojea hapo kabla.

Baada ya hapo huja zoezi la kurudia maneno, na hili ndilo ambalo ningependa kila mtahiniwa alipitie hata kama hataijua sehemu nyingine yoyote ya kozi. Mwanafunzi mmoja anakuwa mnara, mwingine anakuwa rubani, nao wanaketi wamegeuziana migongo. Mnara unatoa maelekezo, rubani anayarudia, na mnara unapaswa kuthibitisha kwamba yaliyorudiwa ndiyo yaliyotolewa. Papa Mwalimu humnong'oneza rubani abadilishe kitu kimoja. Jioni moja mnara ulitoa kipimo cha shinikizo la hewa cha hektopaskali 1013, ambacho rubani hukiweka kwenye kifaa cha kupima kimo cha ndege, rubani akarudia 1023 kwa sauti tulivu kabisa, na mwanafunzi aliyekuwa mnara akajibu kwamba ni sawa, akaendelea na ndege nyingine. Mwalimu alisimamisha darasa. Alieleza ubaoni kwamba kila hektopaskali moja ni karibu futi 30 za kimo, kwa hiyo rubani aliyeweka 1023 badala ya 1013 anaruka karibu futi 300 chini ya pale anapodhani yupo, na katika mawingu ya msimu wa mvua hana njia ya kuliona hilo kwa macho. Hakumkemea mtu yeyote. Alimwambia tu mwanafunzi huyo, «Mama, ulisikia ulichotarajia kusikia. Sasa sikiliza alichosema.» Naye akamjibu, «Ndiyo, Papa,» na zoezi likaanza upya.

Ni katika jioni hizo pia ndipo alipotusimulia ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambamo ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia penye ukungu na watu 583 wakafariki. Hakuisimulia ili kututisha. Alitaka tuelewe jambo moja la kiufundi, kwamba mnara na ndege ya Pan Am walizungumza kwa wakati mmoja kwenye masafa yale yale, na ndani ya ndege ya KLM kikasikika mlio badala ya maneno ambayo yangeweza kuizuia. Kisha akawaagiza wanafunzi wawili waseme pamoja kupitia redio ndogo za mkononi, tukausikia mlio huo wenyewe darasani. Tangu jioni hiyo hakuna aliyeanza kuzungumza kabla ya kungoja kwanza na kusikiliza kama masafa ni matupu. Sijawahi kuona somo la usalama likifundishwa kwa uwazi kama huo.

Sehemu ya pili inayostahili sifa ni meza. Katika chumba cha nyuma kuna meza ndefu, na juu yake vibao vyembamba vilivyotengenezwa na seremala wa mtaani, na kila kibao kinabeba kijikaratasi cha safari kimoja, ambacho wenyewe hukiita stripu. Kwenye stripu huandikwa kwa mkono jina la wito, aina ya ndege, kiwango cha kuruka, yaani kimo chake, na saa ambayo ndege inatarajiwa kupita kila kituo cha njia yake. Saa zote huandikwa kwa saa ya dunia ya UTC, ambayo sisi wa Lubumbashi tuko mbele yake kwa saa 2 na ndugu zetu wa Kinshasa kwa saa 1, na mwanafunzi anayesahau kuibadili saa anakuwa ameharibu meza yote. Hakuna picha ya rada mbele yako. Unachokijua ni kile ambacho marubani wamekuambia, na kutokana na hicho unapaswa kuiona anga kichwani.

Nitaeleza zoezi moja ili msomaji apate picha. Ndege ya kwanza iko umbali wa maili za baharini 84 kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, nayo inakuja kwa noti 420, yaani maili hizo 420 kwa saa. Ya pili inatoka upande mwingine, iko maili 72, na mwendo wake ni noti 360. Kwa haraka mtu husema kwamba ile iliyo karibu itafika kwanza. Lakini noti 420 ni maili 7 kwa dakika, na noti 360 ni maili 6 kwa dakika, kwa hiyo zote mbili zitafika baada ya dakika 12, juu ya kituo kimoja, na kama ziko katika kiwango kimoja umekwisha kuzikutanisha. Unapaswa kuziachanisha kwa futi 1,000 za wima, au kuichelewesha mojawapo, na unapaswa kuamua hilo sasa hivi, wakati ambapo rubani wa tatu anaita. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Ugumu wake ni kuifanya huku ukisikiliza, ukiandika, na ukikumbuka kwamba ulimwahidi rubani mwingine kumrudia.

Papa Mwalimu anakataza karatasi ya kukokotolea na simu, na nakubaliana naye kabisa. Alitufundisha njia fupi ambazo waongoza ndege huzitumia kweli. Ukitaka mwelekeo wa kinyume, toa 200 kisha ongeza 20, au ongeza 200 kisha toa 20. Kwa hiyo 250 inakuwa 070, na ndivyo njia ya kurukia ya Luano inavyoitwa 07 upande mmoja na 25 upande mwingine, kwa maana namba hizo ni mwelekeo wa dira uliokatwa tarakimu ya mwisho. Upepo wa kiangazi ukivuma kutoka nyuzi 110, unatofautiana na njia ya 07 kwa nyuzi 40, kwa hiyo ndege zitaruka na kutua huko, zikiukabili upepo. Kwa mwenyeji wa mji huu, ambaye amezoea kuziona ndege zikipita juu ya paa lake bila kujua kwa nini leo zinatoka upande huu na kesho upande ule, somo hili lina utamu wake.

Sasa niingie katika chumba cha kompyuta, ambako kozi inapoteza sifa nyingi ilizozipata mezani. Mazoezi ya kompyuta yanaiga mitihani halisi: vidoto, yaani nukta ndogo, vinavyotembea kwenye skrini, hesabu zinazotokea pembeni, maumbo ya kuzungusha akilini, na tarakimu za kukumbuka. Programu yenyewe si mbaya. Tatizo ni vifaa. Kompyuta nyingi ni za kukunja zenye kibodi ya Kifaransa, na kwenye kibodi hiyo tarakimu za mstari wa juu haziandikiki mpaka ubonyeze kitufe cha herufi kubwa kwanza. Katika zoezi ambalo una sekunde chache za kuandika jibu, mikono miwili inafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na kidole kimoja. Mwanafunzi anaona alama zake zikiwa chini, anaamini kwamba akili yake ni nzito, kumbe anapimwa kasi ya kutafuta kitufe. Kompyuta mbili tu zina kibodi yenye tarakimu za pembeni, na wanaowahi kufika ndio wanaozipata. Vibodi vidogo vya tarakimu vya kuchomeka vinauzwa mjini kwa bei ambayo kituo hakiwezi kushindwa kuilipa, na sioni sababu ya kuendelea kungoja.

Umeme nao unapokatika, na hapa petu hukatika jioni pale tunapouhitaji zaidi, grupu, yaani jenereta, huwashwa baada ya muda mfupi, lakini kompyuta za mezani zinakuwa zimezimika na zoezi lote limepotea, kwa sababu programu haihifadhi kitu mpaka ufike mwisho. Mazoezi marefu ndiyo yanayopotea mara nyingi, na hayo ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa umakini wa mtu haupimwi katika dakika tano za kwanza bali pale anapoanza kuchoka. Zaidi ya hayo, programu inatoa alama moja ya jumla tu. Haikuonyeshi kama ulikosea hesabu, au uliacha kuona vidoto viwili vikikaribiana, au ulianza kushuka katikati ya zoezi. Alama ya namna hiyo haimfundishi mtu lolote. Niliwaambia wasimamizi, nao walinisikiliza kwa heshima na kusema kwamba wameagiza betri za akiba. Hadi nilipomaliza kozi zilikuwa hazijafika.

Kuna jambo lingine linaloambatana na kompyuta ambalo si kosa la kituo, lakini wanafunzi wanapaswa kulijua. Nje ya lango huzunguka watu wenye nakala za karatasi wanazodai kuwa ni maswali halisi ya mitihani ya Ulaya au ya shule ya EAMAC ya kule Niamey, ambayo imekuwa ikifundisha wataalamu wa usafiri wa anga wa Afrika inayosema Kifaransa tangu mwaka 1963. Mitihani ya kuchagua waongoza ndege hulindwa, na zoezi la vidoto vinavyotembea haliwezi kuwekwa kwenye karatasi. Msinunue.

Kuhusu Kiingereza, nina mengi ya kusema, kwa sababu ninaamini kwamba hapa ndipo vijana wetu wengi wenye uwezo wanapoachwa nyuma. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilianza kutumia masharti yake ya lugha tarehe 5 Machi 2008. Mwongoza ndege anayehudumia safari za kimataifa anapaswa kufikia angalau kiwango cha 4 kati ya 6, na anapimwa katika matamshi, muundo wa sentensi, msamiati, ufasaha, uelewa na mwingiliano. Alama yake ya jumla ni ile iliyo ya chini kabisa kati ya hizo sita. Mwenye msamiati mpana ambaye matamshi yake hayaeleweki anabaki na alama ya matamshi. Mwenye kiwango cha 4 inapendekezwa apimwe upya kila baada ya miaka 3, na mwenye kiwango cha 5 kila baada ya miaka 6.

Kozi inatoa somo moja tu la Kiingereza kwa juma, siku ya Jumamosi, na somo hilo linahusu maneno rasmi ya redio peke yake. Mwalimu wake anafundisha vizuri. Anatuzoeza kutamka tarakimu jinsi redio inavyotaka, ambapo 9 huongezewa silabi na 5 hubadilishwa sauti ya mwisho ili zisichanganywe. Lakini maneno rasmi yanatosha pale tu mambo yanapokwenda kama yalivyopangwa. Rubani anapokuwa na abiria aliyezirai, au moshi unaotoka jikoni mwa ndege, au anapoona mbuzi kwenye njia ya kurukia, anazungumza lugha ya kawaida, kwa haraka, na kwa lafudhi yake. Ethiopian Airlines na Kenya Airways huja Luano, na marubani wao hawazungumzi kama kaseti ya darasani. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca ilianguka karibu na New York baada ya kuishiwa mafuta, watu 73 wakafariki, na marubani wake walikuwa wamesema kwenye redio kwamba mafuta yanawaishia bila kutangaza hali ya dharura kwa maneno ambayo mnara ungeyachukua kwa uzito unaostahili. Mtu anayejiandaa kwa kazi hii anahitaji kusikia Kiingereza cha aina hiyo kila siku, siyo Jumamosi tu. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza tunakihitaji zaidi ya wengine, na Zambia, wanakozungumza Kiingereza, iko hapo tu nyuma ya mji wa mpakani wa Kasumbalesa. Kituo kingeweza kumwalika mzungumzaji kutoka ng'ambo ya mpaka kwa mazungumzo ya jioni bila gharama kubwa.

Somo la afya lilikuwa fupi, na linatosha. Waongoza ndege hupimwa afya kwa daraja la 3 la ICAO, ambalo huangalia macho, masikio na uwezo wa kutofautisha rangi, na miwani inaruhusiwa. Umri wa chini wa kupata leseni ni miaka 21. Ninamshauri kila mtu apime macho na masikio kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, na hasa apime rangi, kwa kuwa wapo wasiojua kwamba wana tatizo hilo.

Ada ni dola 150 kwa miezi mitatu, na inaweza kulipwa kwa awamu. Kwa mafunzo ya meza na ya kusikiliza, bei hiyo ni ya haki. Vipindi huisha usiku, wakati taksi-basi za kwenda Katuba na Ruashi zimeanza kupungua, na wasichana kadhaa waliacha kozi kwa sababu hiyo pekee. Kundi la Jumamosi asubuhi lingewasaidia, na wasimamizi wamesema watalifikiria. Nimeliandika hapa ili wazazi wenye mabinti waliulize kabla ya kulipa.

Kwa aliyefanya vizuri katika hesabu na ambaye Kiingereza chake tayari kinamwezesha kufuata taarifa ya habari ya redio, ninaipendekeza kozi hii bila kusita. Kwa asiyeweza bado kufuata taarifa hiyo, ningemwomba atumie kwanza miezi kadhaa kwa Kiingereza peke yake, kila siku, kisha aje, kwa maana mezani atapotea kwa kukosa maneno hata kama hesabu zake ni sahihi. Anayejiandikisha sasa na aje na kibodi yake ndogo ya tarakimu na vipokea sauti vyake mwenyewe, afike mapema siku za kompyuta, na aombe kuketi mezani na Papa Mwalimu mara nyingi kadiri atakavyoruhusiwa, hata katika jioni ambazo si za kundi lake. Mzee huwa hamkatalii mwanafunzi aliyekuja kutazama, na jioni ya kwanza ya kujaribu hailipiwi.